Sura ya Saba: Mlango wa Mzee Alois

Watu wa kitongoji kile walikuwa wamehamisha njia ya kisimani. Zamani ilipita mbele ya nyumba ya mzee Alois, ikakata uwanja wake katikati, na kila aliyepita alimwamkia. Sasa ilizunguka mbali, ikapenya kwenye ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo Wafipa hufukia nyasi ndani yake ili zioze ziwe mbolea. Katika ukungu wa mwezi wa saba matuta yale yalionekana kama makaburi mapya, mstari kwa mstari, mpaka macho yanaposhindwa.

Sajini Salome wa upelelezi, Sumbawanga, aliinama akaitazama ile njia. Nyasi zilikuwa zimeshalala kwa kukanyagwa.

"Mzee amezikwa lini?"

"Juma lililopita, afande," alijibu Konstebo Flavian, dereva wake.

"Juma moja tu, na njia imeshakuwa hivi?"

"Watu wanaogopa. Wanasema jioni anasikika anakohoa humo ndani." Flavian alipunguza sauti. "Mimi ningebaki hapa, nilinde gari."

"Gari la polisi atakuibia nani huku?"

"Hujui, afande. Hii ni Rukwa."

"Na wewe ni polisi. Twende."

Walitembea taratibu. Baridi ilikuwa imeingia mpaka kwenye vifungo vya makoti. Flavian alikuwa mgeni kwenye kesi hii, amepewa jana tu, na njia nzima kutoka mjini alikuwa akiuliza. Hapo uwanjani akauliza tena.

"Nieleze vizuri, afande, nisije nikaonekana mjinga. Ng'ombe ni wa nani?"

"Wa Minza, mjane wa Ngeleja, kule Milepa. Wasukuma waliohamia bondeni na mifugo yao. Mitamba yake yote alimkopesha bwana mmoja wa Mbala, upande wa Zambia, anaitwa Sikazwe. Sikazwe akamue maziwa misimu miwili, halafu arudishe ng'ombe pamoja na nusu ya ndama."

"Hakurudisha."

"Anasema ni wake, alinunua. Na Jumamosi anawapakia kwenye malori, wanakwenda machinjioni Kitwe."

"Sasa si washitakiane?"

"Wapi?" Salome alisimama. "Hapo ndipo penyewe. Walipoandika mkataba, maziwa hawakubishania sana. Walibishania mahali. Sikazwe alisema Sumbawanga hataki: mahakama yenu, lugha yenu, jamaa zenu. Minza akasema Lusaka hataki, hata Tunduma hajawahi kufika. Mwisho wakakubaliana mtu. Mzee Alois. Alikuwa mzee wa baraza wa mahakama ya mwanzo miaka na miaka, amestaafu. Baba Mfipa, mama Mmambwe wa kule kule Mbala. Pande zote mbili wanamwita mjomba. Wakikosana, waje kwake, na atakaloamua ndilo. Wakili wa Sikazwe akaongeza neno moja: Alois asipokuwepo, shauri liende Lusaka."

Flavian alipiga mluzi mdogo. "Yaani mtu ndiye alikuwa mahakama."

"Ndiye."

"Sasa ukitaka kuihamisha mahakama ya namna hiyo unafanyaje?"

"Unaizika," Salome alisema.

Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, bati limeshika kutu pembeni. Mlango wa mbele ulikuwa wazi kabisa, umezuiwa na jiwe usijifunge, na ndani giza. Kando ya mlango palikuwa na kigoda kitupu, na juu yake blanketi la kijivu lililokunjwa vizuri. Flavian alipotaka kukatiza mbele ya kigoda, sauti ya mwanamke ilitoka jikoni.

"Usipite hapo, mwanangu. Zunguka."

Flavian aliruka nyuma utadhani kaunguzwa. Bibi Bertilla, mjane wa mzee, alitoka akijifuta mikono kwenye kanga. Alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, na macho yaliyokwisha kulia yakakauka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibuni. Kaeni huku kwa moto."

Walikaa jikoni, moto wa magunzi ya mahindi ukiwatolea moshi usoni. Bibi aliwapa uji wa ulezi bila kuwauliza kama wanataka. Salome alikunywa nusu kikombe kabla hajasema lolote.

"Bibi, siku ile hukuwepo."

"Nilikuwa Muze kwa binti yangu, kajifungua. Nilimwacha mzee na mafua. Niliporudi nikakuta watu wamejaa."

"Daktari alisema moshi wa mkaa."

"Alisema. Eti baridi ilimzidi, akaingiza jiko, akafunga mlango, akalala kwenye kiti, basi. Kucha zake zilikuwa nyekundu, midomo nyekundu, utasema kijana." Bibi alichochea moto. "Wengine wakasema karogwa kwa sababu ya kubeba magomvi ya watu. Mimi sikubishana. Ukibishana na watu msibani unaonekana ndiye wewe."

"Jiko ni lenu?"

"Langu. Mimi ndiye ninayefua na kupiga pasi vitambaa vya altare vya kigango. Mkaa ni wa pasi tu. Chakula tunapika kwa kuni."

"Kwa hiyo mzee angeweza kulichukua mwenyewe."

"Angeweza. Jiko angelichukua." Aliinua macho. "Mlango asingefunga."

Flavian aliweka kikombe chini.

"Kwa nini, bibi?"

"Shauri lilikuwa limefunguliwa. Mama yule wa Milepa alikuja kulifungua, na Sikazwe kule akapelekewa taarifa. Mzee akishapokea shauri mlango haufungi, mchana wala usiku, mpaka siku ya kuamua. Miaka yote. Mvua inyeshe, baridi ipige. Alisema upande wa pili usije ukapita barabarani ukakuta mlango wa mwamuzi umefungwa, ukajiuliza nani yuko ndani. Mimi nimelala kwenye nyumba iliyo wazi, mwanangu, nusu ya maisha yangu. Fisi aliwahi kuingia, akamlia kiatu. Mzee hakufunga. Alinunua kiatu kingine."

Flavian alicheka, kisha akanyamaza ghafla. Ndani ya nyumba kuu kulikuwa kumetoka sauti, kavu, fupi, ya kitu kama kifua cha mtu.

Moto ulilia. Bibi Bertilla alinyanyuka, akamimina uji kwenye kikombe cha nne, akatoka nao. Walimwona akiuweka chini karibu na kigoda, akarudi.

"Ni bati linapata joto," Flavian alisema.

"Jua liko wapi?" bibi alimuuliza.

Jirani aliyefungua mlango siku ya msiba aliitwa Timoth, fundi wa baiskeli. Alikataa kuja uwanjani. Salome alimfuata ng'ambo ya shamba, akamkuta anaziba pancha, nyumba ile kaipa mgongo.

"Timoth, nionyeshe ulivyofungua."

"Nilishasema kwa mwenyekiti."

"Umesema kwa mdomo. Mimi nataka mikono." Salome alisimamisha baiskeli iwe mlango. "Mzee yuko ndani, wewe uko nje. Umefikaje?"

Timoth alisita, akapangusa viganja kwenye suruali. "Nilikuja asubuhi, nikashangaa mlango umefungwa. Nikabisha hodi. Kimya. Nikausukuma hivi."

"Uligoma?"

"Haukugoma. Chini palikuwa na kiroba kimesokomezwa, kile kiroba cha unga wa Zambia mlichokwenda nacho ofisini. Nikakivuta kwa mguu ndipo nikausukuma."

"Ulikivuta ukiwa wapi?"

"Nje."

"Kiroba kilikuwa upande gani?"

"Si hapa miguuni pan..." Timoth aliacha mdomo wazi. Alitazama miguu yake, akatazama baiskeli, akatazama miguu yake tena. "Mama yangu," alisema polepole. "Kilikuwa nje."

"Mtu aliyelala ndani anaweza kuziba mlango kwa nje?"

"Akiwa mzima hawezi."

"Na akiwa mfu?" Flavian aliropoka.

"Flavian."

"Nauliza tu, afande."

Kiroba kilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki kwenye gari. Salome alikitoa, akakunjua kinywa chake kwenye boneti. Kila mtu aliyekiona mpaka siku ile alisoma maandishi ya nje tu, jina la kinu cha ng'ambo, na akasema jina la Sikazwe. Yeye alikigeuza ndani nje. Kwenye pembe za mshono palikuwa na vumbi la kijivu. Alichukua kidogo kwa ncha ya kidole, akagusisha ulimi.

"Afande! Hicho kitu cha maiti!"

"Si unga," Salome alisema, akatema. "Onja."

"Hata kwa mtutu wa bunduki."

"Ni udongo wa chumvi. Ule wa kandokando ya ziwa Rukwa, wanaoulamba ng'ombe."

Flavian alifikiri. "Sikazwe naye ana ng'ombe."

"Ana ng'ombe Mbala, juu kama hapa. Atautoa wapi udongo wa ziwani? Huko wananunua chumvi ya mifugo dukani."

"Basi umetoka Milepa." Flavian alishusha sauti. "Kwa Minza mwenyewe. Afande, mama yule kaua?"

Salome alikunja kiroba, akakirudisha kwenye mfuko, akafunga vizuri. Walikwenda mjini.

Wakili Adriano alikuwa na ofisi juu ya duka la vifaa vya ujenzi, karibu na stendi ya zamani ya Sumbawanga. Alimtetea Minza, na yeye ndiye aliyekwenda polisi kusema kwamba kifo cha Alois hakimpi usingizi. Aliwapokea akiwa na koti na skafu, mafua yamemjaa.

"Wenzetu wameshaandika," alisema. "Mwamuzi hayupo, kwa hiyo ni Lusaka. Na kisheria wana haki, mimi mwenyewe nilikubali neno lile. Nilidhani ni mapambo. Unamwona mzee ana afya, unasema asipokuwepo atakwenda wapi?"

"Shauri likienda Lusaka, Minza anashindwa?"

"Sijui kama anashindwa. Najua Jumamosi inapita. Mpaka tufungue kule, tupate zuio, ng'ombe wameshakuwa nyama."

"Unaona, afande?" Flavian alisema. "Anayefaidika ni Sikazwe. Hata mtoto anajua."

Salome alikuwa anaangalia dirishani, watu wakipita barabarani wamejikunyata. "Wakili, Lusaka nani angekwenda kusema?"

"Kusema? Tungesema sisi mawakili. Minza pasipoti hana. Angeapa kwa maandishi hapa, tukatuma."

"Malimi je?" Huyu alikuwa mdogo wake marehemu Ngeleja, ndiye aliyewaswaga ng'ombe mpaka Mbala na ndiye aliyekuwa akienda na kurudi.

"Malimi wa nini? Hakuweka sahihi popote. Lusaka hawangejua kama amezaliwa."

"Na kwa mzee Alois?"

Adriano alipenga kamasi, akatabasamu kwa huzuni. "Kwa mzee, karatasi zangu angenirudishia. Aliketisha watu. Mdai huku, mdaiwa huku, macho kwa macho, na kila aliyebeba neno katikati anakaa katikati. Mpaka siku hiyo wenye shauri hawasemezani, hata salamu, maana neno la pembeni linaharibu. Na mimi upande wangu nimemkataza Minza asimpigie Sikazwe simu. Naye wakili wake kamkataza."

"Tangu lini hawajasemezana hao wawili?"

"Wenyewe kwa wenyewe? Tangu siku ya mkataba, nadhani. Kila mmoja na Kiswahili cha kwao, kwenye simu hawaelewani. Maneno alibeba Malimi."

"Kwa hiyo likienda Lusaka, Minza na Sikazwe hawaonani."

"Hawaonani kabisa."

Salome alinyanyuka, akashukuru. Kwenye ngazi Flavian alimfuata mbiombio.

"Unafikiri nini, afande?"

"Nafikiri tumekuwa tukiuliza nani atashinda Lusaka. Nipe namba ya Sikazwe."

Simu iliita muda mrefu. Sauti iliyopokea ilikuwa nzito, na Kiswahili cha upande wa pili wa mpaka.

"Bwana Sikazwe, mimi ni polisi, Sumbawanga. Sikuiti kituoni, na huko uliko sina mamlaka ya kukuita. Nakuomba kesho uje uwanjani kwa mzee Alois."

Ng'ombe alilia mahali fulani nyuma ya sauti ile.

"Wakili wangu atakataa," Sikazwe alisema.

"Najua."

"Kwa mjomba nitakuja."

Flavian alisema hatakuja. Alisema atakayevuka mpaka wa Kasesya kwa hiari yake kujileta mikononi mwa polisi wa Tanzania bado hajazaliwa.

Kesho yake ukungu ulikuwa mzito zaidi. Gari la Sikazwe lilitoka ndani yake taa zikiwa zimewaka, likasimama mbali na uwanja. Alishuka peke yake, mtu mpana mwenye mvi za mapema. Alipofika mbele ya kigoda kitupu alichuchumaa, akapiga makofi ya taratibu, viganja vimekunjwa, kama kwao wanavyomwamkia mkubwa. Bibi Bertilla alimwitikia kwa niaba ya kigoda.

Minza alikuwa ameshafika. Alitokea Milepa, akalala kwa jamaa mjini, na asubuhi akapanda pikipiki. Alikuwa amejifunga shuka la kimasai juu ya gauni, viatu vya plastiki, uso mkavu. Yeye alipiga magoti mbele ya kigoda, akanyanyuka, akakaa alipoonyeshwa. Sikazwe hakumtazama, wala yeye hakumtazama Sikazwe.

Malimi alikuja nyuma ya shemeji yake. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mtanashati, kofia ya pama, fimbo mabegani. Alimsalimia Flavian, akamsalimia Salome, akamsalimia hata Sikazwe. Kigoda alikizunguka kwa mbali, akaenda kusimama karibu na mgomba wa uani.

"Malimi, njoo ukae hapa katikati," Salome alisema.

"Mimi, afande? Sidai wala sidaiwi."

"Wewe ndiye uliyebeba maneno."

"Nipo sawa nilivyosimama."

"Kaa, mdogo wangu," Flavian alisema, akimsogezea gogo. "Kusimama kunaleta vichomi."

Malimi alicheka, akakaa.

Salome hakukaa. "Mimi siyo mwamuzi. Sikuja kuamua ng'ombe. Lakini mzee aliwakataza kusemezana mpaka siku ya kuketi. Leo mmeketi. Bwana Sikazwe, mwambie mama uliyotaka kumwambia mbele ya mzee."

Sikazwe aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Mayo," alisema, neno la kwao la kumwita mama. "Kwa nini unanishitaki kwa ng'ombe uliowauza mwenyewe?"

"Nani kawauza?"

"Wewe."

"Mimi nimekuuzia ng'ombe? Lini?" Minza alisogea mbele. "Wa Ngeleja? Nikuuzie hata yule baka jeupe ambaye mume wangu alimtamka jina akifa?"

"Mvua zilipoanza, neno lako lilinifikia. Binti yako anaumwa, anatakiwa kupelekwa Dar es Salaam, uza wote. Niliuza trekta nikalipa siku ile ile, mayo. Kwa sababu ya mtoto."

"Binti yangu?"

"Kabula."

Minza alimtazama Salome, akamtazama bibi Bertilla, mtu anayetafuta mwenye akili timamu. "Kabula yuko nyumbani anatwanga. Hajaumwa hata kichwa."

"Nilituma pole yake," Sikazwe alisema. "Mke wangu alichagua mwenyewe. Kitenge cha bluu, kina tausi wa njano."

Ukungu ulikuwa unapita uwanjani unaonekana, vipande vipande, ukiingia kwenye ule mlango uliozuiwa kwa jiwe. Minza aligeuza kichwa taratibu mpaka macho yakamfikia mtu aliyekaa katikati.

"Tausi wa njano," alisema. "Malimi. Mkeo alikivaa Pasaka. Nikamsifia."

"Shemeji, kitenge hicho kiko kila duka."

"Nikamwambia, mwenzangu una mume."

"Shemeji, huyu mtu wa ng'ambo anatugombanisha."

"Malimi," Salome alisema, sauti ile ile ya chini. Alikuwa ametoa kiroba kwenye mfuko, anakikung'utia kiganjani. "Tuache kitenge. Mama Minza, ng'ombe wenu kule Milepa mnawalambisha nini?"

"Udongo wa ziwani," Minza alijibu bila kumtazama. "Tangu tuhamie."

"Hapana, siku hizi tunanunua ya dukani," Malimi alidakia.

"Ya dukani nani kanunua?" Minza aligeuka. "Si wewe unayekwenda kuchimba? Si ulikwenda juzi juzi hapa na baiskeli, ukarudi bila viroba, ukasema vimekuchanikia?"

Malimi alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Hiki hakijachanika," Salome alisema. "Kilikuwa chini ya mlango huu. Kwa nje."

Kutoka ndani ya nyumba kikohozi kile kilisikika tena, safari hii wote walikisikia, na Malimi alisimama akaangusha gogo. Flavian alikuwa ameshafika nyuma yake. Konstebo alimshika bega, na hakuliachia.

"Nilikuja kumwomba ajitoe," Malimi alisema haraka haraka, macho kwenye ule mlango. "Tu. Nimwombe aseme amezeeka, shauri liende zake Lusaka. Hakutaka hata kunisikiliza. Akasema kama nina neno nisubiri siku, niliseme mbele ya wote wawili. Alikuwa na homa, anatetemeka, blanketi hili hapa. Akasinzia nikiwa bado nimesimama. Nikaliona jiko la bibi. Baridi ilikuwa kali, afande. Nilimhurumia. Nikamwashia, nikamfungia mlango apate joto."

"Ukamhurumia," Salome alisema.

"Haki ya Mungu."

"Na kiroba? Ulimhurumia kwa upande wa nje?"

Malimi akapiga magoti, si mbele ya Salome, mbele ya Minza, akaanza kusema Kisukuma, na alipoona anatazamwa na wote akageukia Kiswahili.

"Shemeji. Hili la kwetu. Usikubali lipelekwe Sumbawanga, huko wananinyonga. Twende nyumbani. Wazee wa kwetu wakae dagashida, wanihukumu wao. Fedha za ng'ombe nilizokula nitazirudisha, nitalipa fidia ya mzee, nitatumwa mpaka nizeeke. Mimi ndiye mwanamume pekee aliyebaki wa damu ya Ngeleja. Ukisema wewe kwamba hukujua lolote, kwamba maneno ya huyu bwana ni uongo, hawa wana nini? Wana kiroba. Viroba viko vingapi Rukwa?"

Flavian alimtazama Salome. Salome alijua ni kweli. Bila Minza alikuwa na vumbi la kijivu na maneno ya mtu aliyeyasema kwa hofu, ambayo kesho angeyakana mbele ya hakimu.

Sikazwe alikohoa. "Mayo, malori nitayazuia," alisema. "Ng'ombe watabaki zizini mpaka pasemwe ni wa nani. Hilo halitegemei utakachosema sasa."

Minza hakuonyesha kama amesikia. Alikuwa anamtazama kijana aliyepiga magoti, aliyemlea tangu anachunga ndama.

"Dagashida itakaa wapi?" aliuliza.

"Milepa, shemeji. Kwako, uwanjani kwako."

"Watasema wazee wetu."

"Wazee wetu."

"Na kwa mzee huyu atasema nani?"

"Tutawaita. Waje."

Minza alisimama. Alivuka uwanja, akazunguka kigoda, akaenda mpaka kwenye mlango wa jikoni alikokuwa amesimama bibi Bertilla na mwiko mkononi. Hapo akapiga magoti, na shuka likagusa majivu.

"Bibi, sijui niseme nini kwako. Aliyetoka kwangu ndiye aliyefanya. Kuna kwetu Milepa, na kuna serikali Sumbawanga. Unataka akajibu wapi?"

Bibi Bertilla alitazama mashariki, kule ambako uwanda unakatika na njia inaanza kushuka kwenda bondeni, ingawa katika ukungu ule hapakuwa na cha kuona.

"Mie nataka akijibu niwepo," alisema. "Nimekaa, namwona. Milepa ni huko chini, mwanangu. Juzi tu natoka Muze, ule mwinuko ulinivunja magoti, nikaapa sishuki tena. Sumbawanga nafika."

Minza aliitikia kwa kichwa. Alinyanyuka, akamgeukia Salome.

"Kitenge nilikiona kwa macho yangu," alisema. "Na safari ile ya udongo naikumbuka. Nitasema yote, na jina langu liandikwe. Sumbawanga."

Malimi alilia kwa sauti. Flavian alimnyanyua, akamfunga pingu kwa upole, akamwelekeza kwenye gari. Sikazwe alikuwa ameshatoa simu, anamfokea mtu kwa Kimambwe habari za malori. Salome alimfungulia Minza mlango wa mbele wa gari.

"Nisubirini," bibi Bertilla aliita kutoka jikoni. "Natafuta viatu vyangu."